Kabla Hujafomati: Maswali Yenu ya Kuingia Kwenye Akaunti na Apdeti Zilizogoma

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu amefungiwa nje ya kompyuta yake au apdeti imemgomea, na akiuliza pembeni anaambiwa "piga Windows upya". Hilo jibu linaniuma kwa kweli, maana mara nyingi mafaili yapo salama kabisa na ufunguo upo mahali, ni vile tu hakuna aliyekaa kuangalia ni kitu gani hasa kimegoma. Kwahiyo leo twende taratibu.

SWALI: Habari za kazi. Juzi laptopu yangu ya Windows 11 iliomba kuzima na kuwaka ili imalizie apdeti nikaikubalia, kuja kuwasha nakuta skrini ya bluu inadai niweke ufunguo wa BitLocker, tarakimu kibao, na mimi sijawahi kuweka kitu cha hivyo maishani mwangu. Fundi kasema hapo ni kufomati tu. Humo ndani kuna picha za mtoto wangu tangu anazaliwa. Naombeni msaada jamani.

JIBU: Pole sana dada, na tafadhali laptopu irudi kwako kwanza kabla hajaigusa, maana akishafomati hiyo diski ndo basi tena, picha hazirudi.

Iko hivi. BitLocker inaifunga diski yote kwa maandishi ya siri ili mtu akiiba laptopu asiweze kuchomoa diski na kusoma mafaili yako. Kwenye kompyuta nyingi za siku hizi inajiwasha yenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, wala hukuulizwa, ndo maana unasema hujawahi kuweka. Kwa kawaida ufunguo unakaa kwenye chipu ndogo ya usalama inayoitwa TPM na kompyuta inajifungulia kimya kimya kila ukiwasha. Sasa ikitokea apdeti imegusa ile programu ya ndani kabisa inayoamsha kompyuta, ile ambayo wengi wanaiita bayosi, au mtu kazima kitu cha usalama huko ndani, au kabadilisha mpangilio wa kipi kianze kuwaka, chipu inaona hii kompyuta siyo ile ninayoijua, inakataa kutoa ufunguo. Hapo ndo unaombwa tarakimu 48.

Na hizo tarakimu 48 uwezekano ni mkubwa zipo kwenye akaunti yako. Chukua simu au kompyuta nyingine, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa imeili ileile uliyotumia kuifungua laptopu ilipokuwa mpya, utakuta orodha ya kompyuta na funguo zake. Angalia kwenye skrini ya bluu kuna namba ya utambulisho wa ufunguo, linganisha herufi 8 za mwanzo na zile za kwenye orodha, maana unaweza kukuta funguo tatu nne na ni mmoja tu unaofungua diski hii. Ziandike taratibu, zimegawanywa makundi 8 ya tarakimu sita sita.

Ukikuta hamna kitu usikate tamaa mapema, watu wengi wana imeili mbili tatu na ufunguo umekaa kwenye ile waliyoisahau, au laptopu ilianzishwa na mume, kaka, au yule aliyeuza, basi ufunguo uko kwenye akaunti yake huyo. Kama ni ya kazini au ya chuo waulize watu wa IT, wao wanazo. Angalia pia kwenye flashi na makaratasi, kuna watu walibonyeza kuprinti wakasahau. Na kama kuna mtu aliingia kwenye bayosi akabadilisha kitu hivi karibuni, arudishe kama kilivyokuwa, mara nyingine hiyo peke yake inatosha na skrini ya bluu inaondoka.

Ila nikwambie ukweli, ufunguo ukikosekana kote, hata Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine, ndivyo kitu chenyewe kilivyojengwa. Ndo maana nawaomba nyote mnaosoma hapa, mkiwa bado mnaingia vizuri, nendeni leo kwenye hiyo anwani muangalie ufunguo wenu upo, muuandike kwenye karatasi, karatasi muiweke mbali na laptopu. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike ilivyoangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege, mabenki, mahospitali? Dawa yenyewe ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini sehemu nyingi ili ulifikie hilo faili ulitakiwa kwanza uwe na ufunguo wa BitLocker wa kila mashine, na huko ndo kazi ilipokuwa.

SWALI: Mambo vipi. PIN yangu imegoma ghafla, inasema kuna tatizo limetokea na PIN haipatikani. Nikaenda kwenye simu nikabadilisha paswedi ya akaunti nikidhani itakaa sawa, nimerudi kwenye kompyuta paswedi mpya nayo inakataa. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku kaka. PIN ni ya hiyo mashine tu, haijatoka kwenda popote, imefungwa pamoja na ile chipu ya TPM niliyoisema hapo juu, ukiwa na kompyuta mbili kila moja ina PIN yake hata kama umeweka namba zilezile. Paswedi yenyewe ni ya akaunti, ipo kwenye seva huko. Kwahiyo kubadilisha paswedi hakuwezi kuponya PIN.

Na paswedi mpya kukataa, jiulize kompyuta ina intaneti pale kwenye skrini ya kuingilia? Maana kama haina, haina namna ya kujua umebadilisha, yenyewe bado inaikumbuka ile ya zamani. Cheki kona ya chini kulia, kuna alama ya mtandao, unganisha waifai hapohapo kabla hujaingia halafu jaribu paswedi mpya. Ikishindikana kabisa kupata mtandao jaribu ya zamani, kuna uwezekano mkubwa ikakupokea.

Ukishaingia, nenda Mipangilio (Settings), upande wa akaunti, njia za kuingilia, ondoa PIN uweke upya. Na pale kwenye skrini ya kuingilia kama huoni sehemu ya paswedi bonyeza chaguo za kuingia, utaona kialama cha ufunguo. Kuna ambao hawakioni kabisa kwasababu waliwasha ule mpangilio wa kuruhusu PIN, uso au kidole tu, hao watumie kiungo cha kusahau PIN, kinakupeleka kuthibitisha akaunti mtandaoni halafu unaweka PIN mpya.

Cha mwisho kwenye hili, angalia lugha ya kibodi pale kwenye kona. Ikiwa imehamia kibodi ya Kifaransa kwa mfano, A na Q zinabadilishana nafasi na we unaona nukta tu, utasema paswedi imekataa kumbe unaandika kitu kingine kabisa.

SWALI: Baada ya apdeti nimeingia nakuta desktopu tupu, mafaili hakuna, picha ya ukutani imebadilika, kila kitu kama kompyuta mpya. Apdeti imenifutia kila kitu?

JIBU: Hapana, karibu kila mara haijafuta. Umeingizwa kwenye wasifu wa muda, yaani Windows imeshindwa kusoma taarifa za akaunti yako ikakupa chumba cha wageni. Muhimu sana, USIFANYE KAZI HUMO. Chochote utakachosevu humo kinafutika ukitoka.

Fungua diski C, ingia folda ya Users, utaona folda yenye jina lako, mafaili yako yamo humo. Yakopi kwenye flashi au diski ya nje kwanza, roho itulie. Halafu zima na uwashe kama mara mbili tatu hivi, mara nyingi inarudi yenyewe maana kilichotokea ni kwamba kitu fulani, antivairasi kwa mfano, kilikuwa kimeshika mafaili ya wasifu wako wakati Windows inayataka. Ikigoma kurudi, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji uhamishie mafaili huko. Kuna njia ya kwenda kwenye rejista, yaani lile daftari la ndani la mipangilio ya Windows, kurekebisha kwenye ProfileList, unakuta mstari wenye .bak mwishoni, na inafanya kazi, lakini kama hujawahi kugusa rejista mimi nakushauri akaunti mpya, ni salama zaidi na dakika chache tu umemaliza.

SWALI: Shikamoo. Apdeti inashuka mpaka mwisho, inaanza kuingia, halafu inasema imeshindikana, inaanza tena upya. Inanimalizia bando. Inatoa namba inaanza na 0x8007 sijaimaliza kuiandika. Nimeambiwa nizime kabisa apdeti, ni sawa?

JIBU: Marahaba. Kuzima kabisa hapana, apdeti za kila mwezi zinazotoka Jumanne ya pili ya mwezi ndizo zinaziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaitumia, na wakishaona kipi kimezibwa wanawatafuta ambao hawajaziba. Ila bando lako nalielewa, kwahiyo kwanza ingia kwenye mipangilio ya mtandao unaoutumia uweke alama kwamba mtandao huu unapimwa (metered), yaani una kikomo cha bando, Windows itaacha kujishushia apdeti nyingi ovyo, na unaweza pia kusitisha apdeti hadi wiki 5 mpaka upate mtandao wa kutosha.

Sasa hiyo namba, rudi uiandike yote kwasababu ndiyo inayosema ugonjwa. Ikiisha na 0070, yaani 0x80070070, diski imejaa, na hiyo ni ya kawaida sana. Safisha kupitia Mipangilio, sehemu ya hifadhi, mafaili ya muda, toa video ulizoshusha, hapo unamaliza. 0x80073712 maana yake mafaili ya mfumo endeshi wenyewe yameharibika au yamepungua. 0x800f0922 mara nyingi ni kale kasehemu kadogo ka diski kalikotengwa kwa ajili ya mfumo kamejaa, au una VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, imewashwa na kompyuta haifiki kwenye seva za apdeti, zima VPN ujaribu tena.

Halafu kuna 0x80070643, hii iliwatesa watu wengi wa Windows 10 kuanzia Januari 2024 na apdeti ya KB5034441. Ilikuwa inataka nafasi huru ya MB 250 kwenye sehemu ya diski inayotumika kwa ukarabati, na kompyuta nyingi hiyo sehemu iliundwa ndogo tangu mwanzo. Watu walisafisha diski C mpaka ikabaki nyeupe na bado ikagoma, kwasababu nafasi iliyokuwa inatakiwa ilikuwa sehemu nyingine kabisa. Ndo maana nasisitiza namba, ukiisoma vizuri huhangaiki na kitu kisichohusika.

Kama ugonjwa ni mafaili kuharibika, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ngoja imalize, inaweza kuonekana imeganda kwenye asilimia fulani muda mrefu, iache, na inahitaji intaneti maana inashusha mafaili mazima kuja kuziba yaliyoharibika. Ikimaliza ndo unaandika

sfc /scannow

Wengi wanaanza na sfc halafu wanasema haisaidii, lakini sfc inachukua nakala nzuri kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo inalitengeneza, ghala likiwa bovu sfc itachota wapi?

Kama bado, kilichoshushwa chenyewe kinaweza kuwa kimeharibika njiani. Zima huduma ya Windows Update na ile ya BITS inayoshusha apdeti kimya kimya, nenda C, Windows, utakuta folda inaitwa SoftwareDistribution, ibadilishe jina, iite ya zamani, washa huduma tena. Windows itaunda mpya na kushusha upya. Itakula bando ndio, mara moja, kuliko kuendelea kula kila siku bila kufika. Na hapo hapo angalia saa na tarehe ya kompyuta yako tafadhali, najua inaonekana kitu kidogo lakini tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vya mtandaoni vinaonekana batili, apdeti zinagoma, kuingia kwenye akaunti kunagoma, tovuti zinatoa maonyo, na mtu anahangaika na vitu vitano wakati chanzo ni kibetri cha ubaoni kilichokufa, mara nyingi ni kile cha duara CR2032.

Yote yakishindikana, Windows 11 ina kitufe kwenye Mipangilio, mfumo, urejeshaji, kinachosakinisha upya toleo lilelile kupitia apdeti bila kugusa mafaili wala programu zako. Hicho kianze kabla ya wazo lolote la kufomati.

SWALI: Imekwama kwenye asilimia 30 zaidi ya saa moja, inasema usizime. Nizime?

JIBU: Angalia taa ya diski. Inapepesa? Bado inafanya kazi, iache na chaja ikiwa imechomekwa, hasa kama diski yako ni ile ya zamani ya kuzunguka, hizo ni za polepole mno. Ikiwa imekaa masaa mengi na taa imekufa kabisa, hapo ndo unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ikiwaka mara nyingi inarudisha yenyewe ilipokuwa. Isipowaka vizuri, izime hivyohivyo wakati inaanza kuwaka, ukirudia mara mbili tatu itafungua skrini ya ukarabati, humo kuna sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho. Na kama lilikuwa toleo jipya kubwa la Windows una siku 10 za kurudi kwenye la zamani, zikipita Windows inafuta lile folda la toleo la zamani na njia inafungwa.

SWALI: Nimepoteza simu, na uhakiki wa hatua mbili ulikuwa unakuja kwenye simu hiyo. Paswedi ninaijua vizuri kabisa lakini siwezi kuingia kokote, imeili, hifadhi ya mtandaoni, hata kompyuta inaniomba namba ya uthibitisho. Nimejaribu mara nyingi mno mpaka inaniambia nisubiri.

JIBU: Acha kujaribu kwanza mdogo wangu, kila ukijaribu unaonekana kama mwizi anayebahatisha na muda wa kusubiri unarefuka.

Cha kwanza kabisa nenda kwa kampuni yako ya simu urudishiwe laini yenye namba ileile, hiyo peke yake inafungua milango mingi kwasababu ujumbe wa uthibitisho utakufikia tena, na pia inamzuia aliyeokota simu. Cha pili, tafuta kifaa ambacho bado kimeingia, labda kompyuta nyingine nyumbani au tableti ya mtoto, ukiwa ndani hata sehemu moja unaweza kubadilisha namba ya uthibitisho ukiwa humohumo. Kwa Google jaribu kurejesha ukiwa kwenye kompyuta unayoitumia siku zote na mahali unapokaa siku zote, wanaviangalia hivyo vitu, ukienda kujaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine mji mwingine unajiongezea ugumu mwenyewe.

Kama uliwahi kuhifadhi namba za akiba, Google inatoa 10 za tarakimu nane nane, kila moja inatumika mara moja, zitafute kwenye madaftari na makaratasi. Microsoft wanatoa moja ndefu ya herufi na namba 25.

Kwa Microsoft kuna jambo ambalo lazima ulijue mapema. Ile fomu ya kurejesha akaunti haifanyi kazi kama uliwasha uhakiki wa hatua mbili. Na ukiomba kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo kwasababu huna hata moja, inakuwekea siku 30 za kusubiri. Zinauma lakini zipo kwa ajili yako, ili mwizi akiomba upate muda wa kuona na kukataa. Usiombe upya katikati, subiri ziishe.

Na mkiwa mnasoma hili simu zenu mnazo mkononi, wekeni njia ya pili sasa hivi, imeili nyingine, namba ya mtu unayemwamini, namba za akiba kwenye karatasi. Nimeona barua nyingi mno za aina hii, na za wafiwa pia, mzazi kafariki na picha zote ziko nyuma ya simu ambayo laini yake imeshafungwa.

SWALI: Skrini imejaa onyo linapiga kelele, linasema akaunti yangu imefungwa na nipige namba ya Microsoft iliyoandikwa hapo. Nipige?

JIBU: Usipige. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayawekwi namba ya simu, kamwe. Huo ni ukurasa wa kwenye brauza tu umejitanua. Shikilia Esc, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufunge brauza kutoka hapo, na ikifunguka tena kataa isirudishe kurasa za mwanzo. Kama umeshapiga na ukawaruhusu kuingia kwenye kompyuta yako, kata intaneti sasa hivi, tumia kifaa kingine kubadilisha paswedi ukianza na ya imeili, iambie benki yako, halafu toa programu yoyote waliyokusakinishia.

SWALI: Mimi bado niko Windows 10 na kompyuta inasema haifai kwa Windows 11. Nikiendelea nayo kuna shida gani, mbona inafanya kazi vizuri tu?

JIBU: Itaendelea kuwaka na kufanya kazi, hilo halina ubishi. Ila msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake mianya mipya ikigundulika haizibwi tena bure na moja kwa moja kama zamani. Kuna mpango wa kuongezewa apdeti za usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unajiunga kupitia Mipangilio palepale kwenye Windows Update, inatakiwa uwe toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft.

Kabla hujakubali kwamba kompyuta yako haifai, cheki tena. Windows 11 inataka TPM 2.0 (ile chipu ya usalama) na uwashaji salama (Secure Boot), kinga inayokataa programu ngeni kompyuta inapoanza kuwaka, na kompyuta nyingi za miaka ya karibuni TPM wanayo ila imezimwa kwenye bayosi. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, itakuambia ipo au haipo. Ukienda kuiwasha, hakikisha kwanza ufunguo wako wa BitLocker unao mkononi, si mmesoma swali la kwanza. Ila kama kinachogoma ni prosesa, mfano Intel za kabla ya kizazi cha nane, hapo huna cha kuwasha, chukua ule mpango wa kuongezewa muda wakati unajipanga, au weka Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, kama kazi zako ni za brauza na kuandika, itaendelea kupata apdeti kwenye mashine hiyohiyo.